Mota ikiungua, daftari lifunguliwe kabla ya kumtafuta wa kumtumbua

Mhariri,

TUNAOMBA nafasi katika gazeti lako tuseme jambo kuhusu maji ya vijijini katika mikoa hii ya kati, na hasa kuhusu namna lawama zinavyogawiwa huduma inapokatika. Sisi ni mafundi na watunza hesabu wa miradi ya maji. Hatuandiki kumtetea mtu wala kumshitaki mtu. Tunaona lawama zinatoka mapema kuliko uchunguzi na kumwangukia aliye karibu, halafu mota iliyoungua mwaka huu inaungua tena mwaka kesho.

Kila ifikapo Septemba na Oktoba, Dodoma na Singida, magazeti hubeba vichwa vya habari vinavyofanana: wananchi wa kijiji fulani walia na maji. Kiongozi anafika na msafara, mkutano unaitishwa chini ya mbuyu au kwenye uwanja wa shule, kina mama wanaonyesha ndoo tupu. "Meneja yuko wapi? Simama hapa mbele." Meneja anasimama na kusema mkandarasi alichelewa. Anapewa siku saba. Mwendesha mtambo, kijana wa kijiji anayelipwa posho, ameshatukanwa tangu juzi kwenye kundi la WhatsApp kwamba amekula hela ya umeme. Siku ya nane kamera hazipo.

Mkutano wa namna hiyo una haki yake, maana mwananchi asiye na maji hana sababu ya kusubiri semina. Ila swali linaloulizwa pale ni "nani?", na mradi wa maji wa kijiji una mikono mingi mno kwa swali hilo kujibiwa kwa kumsimamisha mtu mmoja.

Tuihesabu mikono hiyo. Kibali cha kutumia maji ya kisima hutolewa na bodi ya bonde, na mkoa wa Dodoma peke yake umegawanyika katika mabonde matatu: Wami/Ruvu, Bonde la Kati na Rufiji. Usanifu, usimamizi wa ujenzi na matengenezo makubwa ni ya RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini ulioanza kazi Julai 2019 kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka huo. Kuendesha mtambo, kukusanya fedha na kufanya matengenezo madogo ni kazi ya chombo cha watumia maji, ambacho kisheria si serikali ya kijiji. Umeme ni wa TANESCO. Barabara inayopita juu ya bomba mara nyingi ni ya TARURA. Serikali ya kijiji ndiyo yenye sheria ndogo za kulinda chanzo, na shule na zahanati zinazotumia maji ziko chini ya halmashauri. Hapo hatujamtaja mkandarasi, ambaye baada ya makabidhiano bado ana kipindi cha matazamio, kwa kawaida miezi 12, cha kurekebisha kasoro kwa gharama yake.

Wengi hawajazoea mpangilio huu. Bado tunasikia diwani akimbana mkurugenzi wa halmashauri kwenye baraza kuhusu pampu, wakati mkurugenzi hana tena mhandisi wa maji wa kumwagiza. Wahandisi hao walihamia wakala miaka kadhaa iliyopita. Mkurugenzi anajibu kwa upole, diwani anaridhika kuwa amesema, na swali haliendi lilikotakiwa kwenda.

Sasa tuiangalie hitilafu moja kwa karibu, ile inayojulikana kuliko zote: mota imeungua.

Chukua mota ya kilowati 7.5, ya umeme wa fezi tatu (nyaya tatu zinazoleta umeme kwa pamoja), iliyozamishwa mita 100 ndani ya kisima. Volti zikiwa 400, mota ya ukubwa huo huvuta ampea 16 hadi 18 hivi. Namba kamili imegongwa kwenye kibati chake, na fundi mwangalifu huinakili kwa kalamu ya wino mzito kwenye mlango wa paneli, kwa sababu kibati chenyewe kitakuwa chini ya ardhi. Ndani ya paneli kuna kinga ambayo mafundi wote huiita ovalodi. Ina kitufe cha kuzungusha kwa bisibisi, chenye namba za ampea. Ukikiweka kwenye 17, mota ikizidisha hapo kwa muda, kinga inakata umeme.

Kijiji kiko mwisho wa laini ndefu. Jioni mashine za kusaga zinanguruma, taa zimewashwa, na volti zinashuka hadi 345. Mota nyingi za visimani huvumilia upungufu wa asilimia 10, yaani volti 360. Chini ya hapo zinateseka. Kazi ya kupandisha maji haijapungua, kwa hiyo volti zikishuka ampea zinapanda. Ovalodi inakata. Mwendesha mtambo anairudisha, inakata tena. Kwenye vilula, yaani vituo vya kuchotea maji, foleni ya madumu imezunguka kona, na simu ya mwenyekiti inaita. Mara ya nne kijana anachukua bisibisi na kuzungusha kitufe kutoka 17 hadi 25. Maji yanatoka, na jioni ile kijiji kizima kinamshukuru.

Miezi miwili baadaye fyuzi moja ya transfoma inakatika usiku. Zimebaki fezi mbili. Mota iliyokuwa inazunguka haisimami. Inaendelea kwa kuunguruma, na ampea kwenye fezi zilizobaki zinapanda karibu mara 1.7, kama 29 hivi. Ovalodi iliyowekwa 17 ingeona mzigo huo ni wa hatari na kukata mapema. Iliyowekwa 25 inauona ni mzito kidogo tu, na inasubiri. Kinga ya fezi, kidude kidogo ambacho kazi yake ni kukata umeme fezi moja ikikosekana, ama haikuwekwa, ama iliungua kwa radi msimu uliopita na haikubadilishwa. Nyaya za mota zinaiva. Asubuhi fundi akipima kwa mega, kipimo cha kuona kama gamba la nyaya bado ni zima, anakuta usomaji uko chini ya nusu megaohm, au ni sifuri kabisa. Kinachofuata ni kung'oa mabomba 33 ya mita tatu tatu, kukodi winchi, na kununua mota mpya kwa mamilioni ya shilingi.

Nani ameunguza mota? Mkono uliozungusha bisibisi unajulikana, na kwenye mkutano wa kijiji ndio utakaoshikwa. Lakini nani alijua kuwa volti zinashuka hadi 345 kila jioni? Je, aliandika barua kwa shirika la umeme, na barua ilipokelewa lini? Nani alikagua paneli baada ya radi na kuikuta haina kinga ya fezi? Nani alimwajiri kijana huyo bila kumwonyesha kwamba namba ile haiguswi? Na usanifu ulisema nini kuhusu umbali wa laini? Ukimfukuza kijana na kuweka mwingine, volti bado ni 345, kinga ya fezi bado haipo, na bisibisi imebaki pale pale juu ya paneli.

Hatusemi kijana hana kosa. Anatakiwa kujibu kwa kugeuza kinga bila kumwambia mtu. Msimamizi wake anatakiwa kujibu kwa kutomkagua miezi miwili. Aliyepokea taarifa ya volti na kuiweka kwenye droo naye anatakiwa kujibu kwa droo hiyo. Uwajibikaji tunaoutaka ni wa kila mmoja kwa kile kilichokuwa mikononi mwake, si wa wote kwa jumla. Maana upo ujanja wa upande wa pili, nao tunaufahamu vizuri ofisini: ukiona mikono ni mingi, unasema "tatizo ni la kimfumo". Mfumo haupigiwi simu, haukatwi mshahara wala hauandiki barua ya kujieleza. Kila taasisi inaonyesha kidole kwa jirani, na mwisho wa kikao inaundwa kamati.

Lawama ya pili iliyozoeleka ni ya wizi, nayo ina hesabu zake. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lita 25 kwa mtu kwa siku, kituo kimoja kwa watu 250, ndani ya mita 400. Kijiji cha watu 2,000 basi kina vilula vinane, na mahitaji yake ni uniti 50 kwa siku, uniti moja ikiwa lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Sema kisima kinatoa uniti nane kwa saa na pampu inafanya kazi saa nane: dira (mita ya maji) ya kisimani itasoma uniti 64. Jioni unajumlisha dira za vilula vyote, unapata 42. Zimepotea 22, theluthi ya maji yote. Bei ikiwa shilingi 30 kwa ndoo, hizo ni shilingi 33,000 kwa siku, karibu milioni moja kwa mwezi. Namba hiyo ikisomwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji bila maelezo, mhasibu hatoki salama.

Kabla ya kumfunga, mtu aende kwenye mbauti ya kunyweshea mifugo. Mara nyingi haina dira. Ng'ombe wa kiangazi hunywa lita 30 au zaidi. Mia tatu wakija, zimeondoka uniti tisa. Kisha apande kwenye mnara wa tenki alfajiri. Boya la kufunga maji likiwa limevunjika, tenki linafurika usiku kucha, na dalili yake haihitaji elimu kubwa: nyasi mbichi chini ya mnara mwezi Oktoba, wakati nyika yote imekauka. Apitie deni la shule na zahanati, ambazo huchota kila siku na kulipa pale fedha ikifika. Kisha afuate njia ya bomba mahali greda lilipopita. Bomba lililotakiwa kulazwa mita moja chini huwa limelazwa kwa kina cha jembe, na michoro ya jinsi mradi ulivyojengwa haikuachwa kijijini, hivyo dereva wa greda hakuwa na njia ya kujua. Baada ya kuyatoa hayo yote, pengo linalobaki ndilo la kuitiwa TAKUKURU. Wakati mwingine linabaki kubwa kweli. Hapo hatuna huruma na mtu.

Kuna na jambo la masika ambalo watu wa mjini hawalioni. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Madimbwi na makorongo yakijaa, watu wanaacha kununua maji ya kilula. Mauzo yanaweza kushuka hadi robo. Lakini mlinzi ni yule yule, posho ni zile zile, na kisima chenyewe kinahitaji kuendeshwa kidogo ili mtambo usikae bure. Chombo cha watumia maji kinakula akiba. Kiangazi kinaporudi na mota kuungua, mfuko una nusu ya fedha ambazo watu wanakumbuka kuzitoa mwaka jana Oktoba. Wanasema zimeliwa, na kwa kweli zimeliwa, na Februari. Mhasibu anayesoma mapato na matumizi mara moja tu kwa mwaka amejitafutia matusi hayo mwenyewe. Angesoma kila robo mwaka, watu wangeona fedha zikipungua mbele ya macho yao, na pengine wangekubali bei ndogo ya masika badala ya kukimbilia madimbwi yenye kichocho.

Kipo pia kisima kinachokauka. Jaribio la pampu, ambalo kwa kawaida huendeshwa saa 24 mfululizo, likifanywa Aprili wakati maji ya ardhini yamepanda, linatoa namba nzuri kuliko ile ya Novemba. Msanifu akiichukua hiyo na kuning'iniza pampu karibu na juu ili kuokoa bomba chache, miaka miwili baadaye pampu inavuta hewa. Vipo vikonzo vya kuzima mota maji yakishuka, lakini ukivikuta vimefungwa kwa kipande cha waya, ujue kuna mtu alichoka kuzimiwa. Hapa aliyesaini usanifu na aliyefunga waya hawajawahi kuonana, na wote wawili wamo.

Tunapendekeza nini? La kwanza ni daftari la mtambo. Daftari la kaunta la kwaya mbili, lililopigwa mistari kwa rula: tarehe, saa ya kuwasha, saa ya kuzima, volti za fezi tatu, ampea za fezi tatu, dira ya kisima, uniti za umeme zilizobaki kwenye LUKU, kina cha maji kisimani mara moja kwa wiki, na safu ya mwisho pana ya maelezo. Safu hiyo ndiyo muhimu kuliko zote. Humo ndimo kijana anatakiwa kuandika: "Ovalodi imekata mara tatu, volti 345, nimempigia fundi saa 12:40 jioni." Akishaandika hivyo mzigo umehama kutoka kwake kwenda kwa fundi, na fundi naye anaandika alichofanya na kusaini. Siku mota ikiungua, daftari linaonyesha mzigo uliishia mikononi mwa nani.

Lakini daftari hilo litaandikwa ukweli kwa sharti moja: anayeandika kosa lake mapema asiadhibiwe sawa na aliyelificha. Tumeona madaftari ambayo volti ni 400 kila siku kwa miezi sita, kwa mwandiko mmoja na kalamu moja, yakiwa yamejazwa usiku wa kuamkia ukaguzi. Hiyo ni kazi ya viongozi waliozoea kutumbua kwanza. Mtu akijua kuwa neno moja la kweli litamfukuzisha kazi, ataandika 400 hata kama taa ya ofisini inafifia.

La pili, paneli ifungwe kwa lakiri baada ya fundi kuweka namba ya ovalodi, na namba hiyo iandikwe mlangoni pamoja na tarehe. Lakiri ikikatwa bila maelezo daftarini, hapo kosa lina mwenyewe. Kinga ya fezi iwe sharti la makabidhiano. Mradi usipokelewe bila hiyo, hata kama Mwenge umeshapangiwa tarehe ya kuufungua.

La tatu, kila kilula kiwe na ubao mdogo wenye majina ya vyeo na namba za simu za ofisi kwa aina ya tatizo: bomba limepasuka, piga hapa; umeme haupo, piga hapa; maji yana rangi au chumvi imezidi, piga hapa. Nusu ya hasira tunayoiona mikutanoni ni ya watu waliozungushwa ofisi nne na kuambiwa kote kwamba hapa si penyewe.

Na kwako, Mhariri, pamoja na waandishi wako wa wilayani, tuna ombi dogo. Picha ya ndoo tupu ni ya kweli, iendelee kuchapwa. Ila mwandishi akiwa pale pale, aombe daftari la mtambo na aulize: dira ya kisima ilisoma ngapi wiki iliyopita, na dira za vilula ngapi? Taarifa ya kwanza ya hitilafu ilitolewa tarehe gani, kwa nani, naye alifanya nini? Mfuko wa matengenezo ulikuwa na shilingi ngapi siku ile? Mradi bado uko kwenye matazamio? Akikosa majibu, hiyo nayo ni habari, tena inamgusa mkubwa kuliko mwendesha mtambo. Na arudi siku ya nane.

Kiongozi anayetoa siku saba naye atoe na jambo la kufanywa ndani ya siku hizo. "Maji yatoke" halitoshi. Aseme mota ing'olewe na ipimwe, sababu iandikwe, walioshika mzigo watajwe kwa vyeo kila mmoja na sehemu yake, na kilichobadilishwa ili isirudie kielezwe. Kurasa mbili zinatosha. Taarifa hiyo isibaki kwenye faili la wilaya. Isomwe kwa sauti kijijini, chini ya mbuyu ule ule, na kijana aliyetukanwa awe amealikwa kuisikiliza.

Mafundi na watunza hesabu wa miradi ya maji,
Dodoma